Maji Yanakimbia, Udongo Unaondoka: Utatuzi wa Matatizo ya Uso wa Ardhi Mombasa

Masika yakianza, malalamiko ni yale yale kila mwaka, na karibu yote huja na ombi la saruji: nijengewe ukuta, niwekewe kabro, mtaro upanuliwe. Mara nyingi cha kutazamwa kwanza ni sentimita chache za juu za ardhi yenyewe. Uso wenye mabonge, vishimo na mabua hushika maji kidogo kidogo kila mahali, huyapunguzia mbio na kuupa udongo muda wa kuyanywa. Uso laini huyaachia yote yaondoke kwa pamoja. Lakini mabonge hayo si ukuta. Hujaa, huyeyuka, na yakipangwa vibaya huyapeleka maji mahali pabaya kuliko pale yalipokuwa yakienda mwanzo.

Hesabu yake ni fupi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina karibu mita za mraba 465. Mvua ya milimita 50 ikikipiga, na mwezi wa Mei si ajabu, humwaga hapo zaidi ya lita 23,000. Kila milimita ambayo vishimo vya uso vitaizuia ni lita 465 ambazo hazitafika mlangoni kwa jirani.

Kabla ya kushika jembe

Ujue kwanza udongo wako. Changamwe, Mikindani, kuelekea Miritini, chini kuna miamba ya shale, yaani mfinyanzi wa kale uliogandamana ukawa jiwe la matabaka, na juu yake mfinyanzi unaopasuka wakati wa kaskazi na kunata wakati wa mvua. Kisiwani na ukanda wa pwani kuna mwamba wa matumbawe uliofunikwa na udongo wa kina kifupi. Kwenye vilima vya ndani, upande wa Kisauni, wengi wana mchanga mwekundu. Dawa ya mmoja inaweza kuwa sumu kwa mwingine.

Chukua bonge kavu, kubwa kama njugu mawe, ulitie taratibu kwenye gilasi ya maji, usikoroge. Likikaa zima kwa robo saa, udongo una nguvu. Likiporomoka papo hapo, mabonge ya shamba lako hayatavuka mvua ya pili. Na maji yakigeuka kama maziwa kulizunguka bonge, hilo ni tatizo jingine, tutalifikia.

Halafu pima mteremko. Mafundi wa nyumba wana ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wanautia maji na kulinganisha ncha mbili. Azima. Ukienda mita 10 na ardhi ikashuka mita 1, una mteremko wa asilimia 10. Usikisie kwa macho. Macho hudanganya sana palipo na ukuta wa jirani au barabara iliyopinda.

Dalili: Mvua ina dakika chache tu na maji tayari yanatiririka, ukifukua chini ni kukavu

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na mwenye shamba huapa kwamba udongo wake haunywi maji. Kwa kawaida unakunywa. Mdomo ndio umezibwa.

Sababu inayoongoza ni gamba. Tone kubwa la mvua hufika chini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Likipiga udongo mtupu hupasua vibonge, na chembe laini zinazorushwa huingia kwenye matundu na kuyaziba. Jua likitoka, uso hukauka ukawa na gamba la milimita chache tu. Ingiza ncha ya kisu kwa ubavu na uinue: likibanduka kipande kizima kama ukoko wa wali, umelipata. Livunje kwa reki au jembe la meno, kina cha sentimita tatu hadi tano hivi, ukikata mteremko wala si kufuata mteremko, wakati udongo una unyevu lakini haushiki kwenye kiatu. Kisha funika siku hiyo hiyo kwa makuti, nyasi au mabua. Ukilivunja bila kufunika umejifanyisha mazoezi tu, kwa sababu litarudi mvua kubwa ijayo.

Ya pili hawapendi kuisikia: ufagio wa chelewa. Uwanja unaofagiliwa kila alfajiri huondolewa majani, kokoto na chenga zote zilizokuwa zikiyapunguzia maji mbio, na kinachobaki ni sakafu. Najua kwa nini tunafagia. Nyoka aonekane, watoto wacheze, na mgeni asiseme. Sishauri mtu aache. Fagia mbele ya mlango na njia ya kupita, lakini acha ukanda wa chini wa uwanja, kule maji yanakotokea, uwe na ukoka au majani yaliyoanguka. Ukanda wa hatua mbili tatu tu hubadilisha mambo, alimradi ukate mteremko, kutoka ua hadi ua, bila mwanya.

Ya tatu ni kushindiliwa na miguu, mbuzi, boda boda na lori lililoleta mawe ya kujengea miaka mitatu iliyopita. Chukua kipande cha nondo nyembamba, ukisukume kwa mkono. Kikigota kabla ya kuzama urefu wa kiganja katika sehemu nyingi, gamba si shida yako. Tifua kwa jembe la meno hadi sentimita 20 au 30. Mfinyanzi usiutifue ukiwa umelowa. Utautengenezea tabaka gumu zaidi chini ya lile ulilolivunja.

Mara chache, hasa chini ya mivinje baada ya kaskazi ndefu, mchanga wenyewe hukataa maji. Dondosha tone moja juu ya mchanga mkavu. Likikaa duara zaidi ya sekunde tano bila kuzama, chembe zimepakwa mafuta ya majani yaliyooza. Changanya na mboji na uchimbe vishimo vifupi ili maji yasimame muda wa kutosha kuingia.

Simama hapa: usichimbe zaidi ya kina cha jembe mahali usipojua mabomba na nyaya zimepita wapi. Viwanja vingi vya zamani havina ramani, na waya wa chini hautoi onyo.

Dalili: Shamba lililimwa vizuri, mvua mbili tatu limelainika lote na miche imelala topeni

Kila uso wenye mabonge hulainishwa na mvua. Swali ni kwa haraka kiasi gani.

Mara nyingi kosa ni kulima kwa kupendeza. Mtu anaponda kila bonge mpaka shamba zima liwe unga, kisha anapiga picha. Mbegu zinahitaji udongo laini kwenye mstari wao tu. Katikati ya mistari acha mabonge ya ukubwa wa ngumi. Ndiyo yatakayopokea vipigo vya matone kwa niaba ya miche. Wengine hulima mapema mno, Februari kukiwa kukavu kabisa, ambapo jembe hutoa vumbi badala ya mabonge, na upepo huchukua sehemu yake kabla mvua haijafika.

Kama jaribio la gilasi lilionyesha bonge kuporomoka, udongo hauna gundi. Gundi yake ni samadi, mboji na mizizi, na haipatikani kwa msimu mmoja. Kwa mchanga mwekundu nasema wazi: usipoteze nguvu kutafuta mabonge, hayatakaa. Huko kinga ni kifuniko na matuta, basi. Kwa mfinyanzi wa Changamwe ni kinyume chake: mabonge hudumu wiki nyingi, na mkulima mwenye subira ya kulima siku ambayo udongo haunati anapata kinga ya bure.

Kuhusu kifuniko, hatuna shida ya malighafi. Makuti makavu, makumbi, mabua ya mahindi, vyote vinafaa. Tandaza vyembamba kiasi cha kuona udongo kidogo kidogo. Usirundike, kwani marundo yanayooza, hasa yakiwa na samadi au vigogo vya mnazi, ndimo anamozaliana yule mdudu mwenye pembe anayetoboa minazi. Na usiyasogeze karibu na ukuta wenye mbao. Mchwa hawahitaji mwaliko.

Sasa lile la maji ya maziwa. Viwanja vilivyo chini, karibu na mikono ya bahari kama Tudor na Port Reitz, vinaweza kuwa na chumvi ya sodiamu inayofanya mfinyanzi ujitawanye wenyewe ukiguswa na maji ya mvua. Kuulima zaidi huharakisha tu uharibifu. Jasi ya kilimo (gypsum) husaidia, lakini kipimo chake hutegemea majibu ya maabara. Hapa acha jembe, chukua sampuli, umwone afisa wa kilimo wa wadi au uulize kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kilichoko Mtwapa. Usimwage jasi kwa kukisia.

Dalili: Vijifereji vinajichora shambani

Hapa ndipo uso wenye matuta unapoweza kukusaliti, kwa hiyo nenda polepole.

Anza kwa kutazama vinafuata nini. Vikifuata mistari yako ya kupandia, jibu liko mkononi: umelima ukishuka. Mashamba ya Mwakirunge, Jomvu na Mtongwe mara nyingi ni membamba na marefu, mpaka unashuka na kilima, na mkulima hunyoosha mistari ilingane na ua. Inapendeza, ila kila mfereji kati ya matuta mawili umekuwa bomba. Geuza mistari ikate mteremko. Tafuta usawa kwa ule mpira wa maji, au kwa vijiti vitatu vilivyofungwa kwa umbo la A na jiwe linaloning'inia katikati, weka vigingi kila hatua chache, kisha lima ukifuata vigingi hata kama mstari utapinda. Utapinda. Ndivyo ardhi ilivyo.

Vikianzia katikati ya shamba, tena vikiwa vimepangana tuta kwa tuta kwenye mstari mmoja ulioshuka, basi matuta yako yanakata mteremko kweli lakini hayako sawa. Maji yote ya tuta yalikimbilia sehemu iliyo chini, yakajaa, yakapasua. Mzigo ule ukaangukia tuta la pili kwa pamoja, nalo likapasuka, na la tatu. Shamba la namna hii huweza kupoteza udongo mwingi kuliko ambalo halikuwa na matuta kabisa, na mwenyewe hukata tamaa akasema matuta ni upuuzi. Rekebisha sehemu zilizozama, kisha funga mifereji: jenga vizuizi vidogo vya udongo ndani ya mfereji kila mita mbili hadi tatu, ili kila kipande kishike maji yake. Sharti moja ambalo wengi hulikosa ni kwamba kizuizi kiwe kifupi kuliko tuta lenyewe. Kikijaa, maji yamwagikie kwenye kipande kinachofuata cha mfereji huo huo, yasipande juu ya tuta.

Vikianzia ukingo wa juu wa shamba, maji si yako. Yametoka kwenye paa, barabara au uwanja wa kabro wa mtu. Njia ya kuhakikisha ni moja: toka na mwavuli dakika kumi za kwanza za mvua kubwa, uyaone yanaingilia wapi. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na milimita 50 hutoa lita 5,000, na yote hushukia kwenye kona moja ya bati. Hakuna bonge la udongo litakalosimama mbele ya maji hayo. Weka gata na tangi kwanza, na maji yanayozidi yapitie mfereji wa nyasi wenye mteremko mdogo hadi kwenye mtaro halali. Kuyaelekeza kwa jirani si ufumbuzi, ni kesi kwa chifu.

Ukishaondoa hayo yote na vijifereji bado vinarudi, rudi kwenye kipimo cha mteremko. Kadiri ardhi inavyoinama, kishimo kile kile hushika maji pungufu, maana mdomo wake wa chini umeshuka. Kanuni za Kenya za matumizi ya ardhi ya kilimo za mwaka 1965 ziliweka mstari hapo: kati ya asilimia 12 na 35 ardhi ilimwe tu ikiwa na kinga ya udongo, na juu ya 35 isilimwe. Ukiwa katikati, fikiria fanya juu, ule mtaro ambao udongo wake hurushwa upande wa mlimani, wanaoujua vizuri Wakamba. Kwenye mchanga mwekundu kingo zake hubomoka kwa urahisi, zipandwe nyasi kabla ya masika, si katikati yake. Mtaro mrefu wa aina hii upimwe na mtu anayejua, kwa sababu ukipasuka humwaga maji ya shamba zima mahali pamoja.

Kufukia kijifereji bila kumaliza chanzo chake hakufai kitu. Kitarudi pale pale.

Dalili: Kimekuwa korongo, jembe halikifuti tena

Acha habari za mabonge na vishimo. Maji yamekwisha kukusanyika na uso wa udongo hauna tena neno. Korongo hukua kwa kichwa chake: ukingo wa juu unabomoka, unasogea kuelekea mlimani, mvua hadi mvua.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kuyageuza maji kabla hayajafika kwenye kichwa hicho, kupanda vetiva au nyasi nyingine zenye mizizi mirefu kwenye kingo ambazo bado ni imara, na kuwaweka mbali watoto na mbuzi. Usitupe taka ndani. Ni desturi mbaya ya mitaa yetu, na haisaidii: maji huzunguka magunia na plastiki, hula pembeni, korongo likapanuka, kisha taka zote zikashukia mikokoni. Udongo nao una madhara yake huko. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, tope lililoteremka hadi kwenye mkono wa bahari wa Mwache lilifukia mizizi na kuua mikoko mingi.

Ita mhandisi aliyesajiliwa, usingoje masika yaishe, ukiona lolote kati ya haya: korongo limefika karibu na msingi wa nyumba, nguzo ya umeme au shimo la choo, bomba limebaki hewani, ufa mrefu uliopinda umetokea ardhini juu ya mteremko, ukuta wa kuzuia udongo umeinama au umetoa tumbo. Kwa hayo mawili ya mwisho usilale nyumba iliyoko chini yake mvua ikinyesha. Toeni watu kwanza, vitu baadaye. Nguzo iliyoinama msiisogelee wala msiiegemeze kwa miti. Pigieni kampuni ya umeme.

Dalili: Maji hayaondoki, yanasimama kwenye vishimo

Kuna waliosikia habari za vishimo wakazidisha. Kipimo changu ni siku mbili. Maji yakikauka ndani ya muda huo, vishimo vinafanya kazi yake. Mbu huhitaji karibu wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo dimbwi la siku mbili si mazalio. Likifika siku ya nne, kuna shida.

Kwenye mfinyanzi, huenda umechimba vishimo vya kina mahali panapotaka mfereji. Sawazisha kidogo, uyape maji njia ya taratibu ya kutokea. Huenda pia gamba limejijenga chini ya kishimo kwa matope yaliyotua, likwangue. Karibu na bahari inawezekana maji ya chini ya ardhi yamepanda, nawe utajua kwa kutazama kisima: kikiwa kimejaa karibu na uso wa ardhi, hakuna jembe litakalosaidia.

Usitoboe mwamba wa matumbawe ili maji yapotelee humo, na usiyaelekeze kisimani. Mwamba huu una matundu mengi, na uchafu unaoingia shimo moja hutokea kwenye maji ya kunywa ya mtu mwingine. Maji yakiwa na harufu ya choo, ondokeni hapo na muite afisa wa afya ya umma.

Dalili: Tope barabarani, mtaro umeziba

Ni fupi hii. Chanzo karibu siku zote ni kiwanja kinachojengwa, kilichosawazishwa na katapila na kuachwa kitupu katika msimu wa mvua, au rundo la mchanga lililomwagwa kando ya njia. Rundo lifunikwe kwa turubai na kuzungushiwa magunia ya mchanga. Kiwanja kikwaruzwe kwa jembe kukata mteremko, nyasi ya ukingo wa chini isiguswe mpaka ujenzi uishe. Mwambie kwanza msimamizi wa kazi. Wengi hawajui kama tope linafika mbali. Asiposikia, peleka habari kwa ofisi ya mazingira ya kaunti.

Ukimwita mtaalamu

Uwe na picha za dakika za mwanzo za mvua, si za siku ya pili, kipimo cha mteremko, na jibu la gilasi. Mwonyeshe maji yanapoingilia kabla ya kumwonyesha yanapoharibu. Mtaalamu anayetaja bei ya ukuta akiwa bado amesimama langoni, hajapanda kutazama juu ya shamba, mshukuru kwa kuja na utafute mwingine.